Nguruwe walishiba, walichomwa sindano, mbona wameisha? Jibu kwa dada wa Mbozi

Swali lilikuwa refu, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Nipo Mbozi, nilikuwa na nguruwe 23, banda la sakafu ya simenti, pumba na mashudu hawakosi, dawa ya minyoo nawapa kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya siku 11 wameisha wote kasoro jike mmoja. Afisa mifugo kasema ni homa ya nguruwe ya Afrika. Nilikimbilia kuwachoma OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini) na multivitamini, haikusaidia kitu. Sasa ninachouliza, nguruwe mwenye afya kinga yake inaenda wapi? Mbona ngiri porini wanao huo ugonjwa na hawafi? Kuna kaka anauza chanjo anasema imetoka nje, ninunue? Na huyu jike aliyebaki nimfanyeje?"

Marahaba dada, na pole sana, nguruwe 22 ni ada za watoto hizo najua.

La OTC ni fupi nilimalize kwanza. OTC inaua bakteria na huyu ni kirusi, hawajuani hata kwa sura. Multivitamini nayo ni lishe tu, haina ubaya ila kwa huyu kirusi ni kama kumpa mlinzi chai wakati mwizi kashakaa ndani ya kibanda cha huyo huyo mlinzi. Na hapo ndo penye jibu lako lote kwaiyo twende taratibu.

Watu wengi wanaichukulia kinga kama ukuta, yaani mnyama akishiba ukuta unakuwa mnene na ugonjwa haupiti. Haiko hivyo. Kinga ni kama sungusungu. Kuna chembe zinaitwa makrofeji, hizo kazi yake ni kuzunguka mwilini usiku na mchana, zikikuta kitu kigeni zinakimeza, zinakiyeyusha kwa tindikali, kisha zinapiga yowe majirani wajifungie, na vipande vya yule mgeni zinaenda kuwaonyesha askari wakubwa ambao ni limfosaiti ili watengeneze silaha ya kumlenga yeye. Mfumo mzima unaanzia kwa sungusungu. Akikosea yeye wengine wote nyuma wanachelewa.

Kirusi wa homa ya nguruwe ya Afrika anachokifanya ni kuingia kwa huyo sungusungu. Wala hamkwepi, makrofeji ndo nyumbani kwake. Anaingia kwa mdomo au pua, anaanzia kwenye tezi za kooni, anamezwa kama wanavyomezwa vijidudu wengine, halafu ile tindikali ambayo ilitakiwa imyeyushe ndo inayomvua koti. Nisisitize hapo maana mi mwenyewe nilipojifunza mara ya kwanza nilirudia kusoma: anaihitaji ile tindikali. Bila hiyo magamba yake hayafunguki vizuri na hawezi kutoka kwenye kile kifuko alichomezwa nacho. Yaani tumbo la adui ndo mlango wake wa kuingilia. Akishatoka humo anaweka karakana pembeni ya kiini cha seli na kuanza kuzaliana, tena haombi vifaa vingi kwa mwenyeji maana anakuja na mafundi wake, vimeng'enya vya kuanzia kazi anavyo tayari mfukoni.

Na mfuko ni mkubwa. Virusi wengi ni maskini. Yule wa PRRS anayeharibu mimba na mapafu ya nguruwe kule Ulaya na Asia ana herufi kama elfu 15 tu za maumbile yake. Huyu wetu ana kati ya laki 1 na elfu 70 na laki 1 na elfu 90 hivi, ni DNA, anatengeneza protini zaidi ya 150. Nyingi ya hizo hazihusiki na kujenga mwili wake kabisa, na kadhaa kati yake ni zana za kupambana na kinga. Zote sizimalizi hapa, nakupa zile zinazojibu swali lako.

Ya kwanza ni kuziba yowe. Lile yowe la seli linaitwa interferoni, seli ikigundua kuna DNA imezagaa mahali ambapo haitakiwi kuwepo inatoa interferoni, majirani wakiisikia wanafunga milango, kirusi akija anakuta pagumu. Huyu ana kundi zima la jeni, wataalamu wanaziita MGF 360 na MGF 505, kazi yake mojawapo kubwa ni kukata huo waya kati ya "nimeona" na "piga yowe". Seli inaona kabisa ila sauti haitoki, inakuwa kama mtu aliyekabwa shingo. Tunajuaje ni hizo? Wamarekani walichukua kirusi mkali wakamtoa jeni sita za hilo kundi, wakamuingiza kwa nguruwe, nguruwe hawakufa. Zikumbuke hizo jeni sita, nitazirudia kwenye habari ya chanjo.

Ya pili hii naipenda kuielezea, naomba usinione mchawi. Seli ya nguruwe ina breki yake ya asili, protini inayoshikilia swichi kubwa ya vita isiwake ovyo ovyo. Hatari ikija breki inaachia, swichi inawaka. Kirusi kaiga ile breki. Ana protini inaitwa A238L imefanana na ya nguruwe mwenyewe, tofauti ni kwamba ya kwake haiachii. Kwaiyo hatari imekuja, breki halali imeachia vizuri kabisa, na swichi bado haiwaki maana kuna breki ya bandia imekanyagwa chini yake.

Ya tatu ni kuzuia seli isijiue. Seli ikijua imevamiwa huwa inaamua kufa na mvamizi ndani kabla hajamaliza kuzaliana, ni ushujaa fulani hivi, kirusi naye ana protini za kuushikilia huo ushujaa hadi amalize kazi yake. Akimaliza, afe asife hajali.

Halafu kuna hili la damu. Seli iliyovamiwa inaota juu yake protini ya kirusi inaitwa CD2v, imeiga protini ya limfosaiti ya nguruwe, na chembe nyekundu za damu zinakuja kuigandia zikaizunguka kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ukiweka chini ya darubini ni kitu kizuri kukitazama, Mungu anisamehe, na kwa miaka mingi maabara zilikuwa zinautumia huo mgando kumtambua kirusi. Virusi wenyewe wakiwa kwenye damu nao wengi wanapanda juu ya chembe nyekundu wanasafiri nazo. Ndo maana damu ya nguruwe mgonjwa ni sumu kwa nguruwe wengine, tone dogo linatosha, na ndo maana nawagombeza kila siku wanaochinja haraka haraka "kabla hajafa ili tuokoe hela", hela unayookoa leo ni banda la jirani yako unaloliua keshokutwa.

Sasa utaniambia dokta umesema wameziba midomo ya seli, mbona nguruwe wangu walikuwa na homa kali, masikio mekundu, wengine wanatoka damu puani, si ina maana kinga ilikuwa inapigana? Swali zuri. Siku za mwanzo ndo kimya. Nguruwe anakula, anakimbia, wewe hujui, ndani wanazaliana. Ikifika makrofeji wengi mno wameshavamiwa na kuanza kupasuka basi kemikali zote za vita zinamwagika kwa mpigo, hazina mpangilio, homa inapanda kwenye 41 mpaka 42, mishipa ya damu inavuja, na kibaya zaidi zile kemikali zinawaua limfosaiti kwa wingi. Ona hapo, kirusi hata hajaingia kwenye limfosaiti, wanakufa kwa fujo ya majirani. Yaani wale askari waliotakiwa kuja kuleta silaha wanakufa barabarani kabla hawajafika. Kinga ilichelewa, na ilipokuja ikaja kama gari lisilo na breki.

Ndo tunachokiona tukipasua. Nakumbuka asubuhi moja kwa mzee mmoja, dume lake kubwa lilikuwa limekufa usiku, nikafungua nikakuta bandama imevimba kama mara tatu ya kawaida, nyeusi, ukiigusa inamomonyoka kama maini yaliyooza, tezi za karibu na tumbo zinafanana na madonge ya damu, figo zina vidoadoa vyekundu kama yai la kwale. Mzee akaniuliza "amelishwa sumu?" Nikamwambia hapana mzee, ni mwili wake mwenyewe. Hakunielewa na sikumlaumu. (Tafadhali msipasue wenyewe nyumbani, nilikuwa na gloves, shimo lilikuwa limechimbwa tayari, na damu yote iliishia humo.)

Kuhusu kingamwili, yaani ile silaha ya kumlenga mgeni inayotengenezwa na limfosaiti, nguruwe anayefika wiki ya pili anazitengeneza nyingi tu, ukipima zinaonekana. Shida ni kwamba haziwezi kumzuia huyu kirusi sawasawa. Ana matabaka kama kitunguu, lile la nje kabisa amelichukua kwenye ngozi ya seli ya nguruwe mwenyewe wakati anatoka, na anaweza kuingia kwenye seli akiwa nalo au hata akiwa amelivua, kwa njia zaidi ya moja. Ukiziba mlango anapita dirishani. Kwaiyo nguruwe anaweza kuwa na kingamwili na bado ana kirusi kwenye damu kwa wakati mmoja, na hili ndo litakalojibu habari ya jike wako.

Ila kabla ya hapo ngiri, maana hapo ndo nyumbani kwa huyu ugonjwa. Huyu si mgeni aliyeletwa na meli, ni mwenyeji wa huku kwetu, nguruwe wa kufugwa ndo wageni. Daktari mmoja wa wakoloni, Montgomery, aliandika mwaka 1921 kuhusu milipuko aliyoiona Kenya tangu 1909, nguruwe wa walowezi waliokuwa wametoka Ulaya walikufa zaidi ya 98 kwa kila 100, na yeye mwenyewe alishaanza kuwanyooshea ngiri kidole. Mwaka 1969 Plowright, yule yule wa chanjo ya sotoka ya ng'ombe, na wenzake wakatangaza kwamba wamemkuta kirusi kwenye papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania. Papasi ndio, wale wale wanaowapa watu homa ya papasi kwenye nyumba za udongo. Kwenye shimo la ngiri mzunguko unaenda hivi: mtoto wa ngiri anazaliwa, papasi anamng'ata usiku kwa nusu saa hivi, anapata kirusi, kirusi anapanda kwenye damu wiki mbili tatu bila mtoto kuumwa, papasi wengine wanakuja kunyonya wanakipata, ngiri anakua, kirusi anajificha kwenye tezi zake na damu inabaki safi. Papasi anakaa nacho miaka, anampa hadi mwenzake wanapopandana na mayai yake.

Kwanini ngiri haumwi? Hapa watu wameumiza vichwa. Makrofeji ya ngiri nayo yanavamiwa, wala hayana kufuli la ajabu. Tofauti ni kwamba kirusi anazaliana kwa kiasi kidogo, na ile fujo ya mwisho haitokei. Watafiti wa taasisi ya Roslin kule Uskochi waliona ile swichi ya vita niliyokuambia, protini yake moja inaitwa RELA, ya ngiri ina tofauti ndogo sana na ya nguruwe wa kufugwa, na ndiyo hiyo hiyo breki ya bandia ya kirusi inaishikilia. Wakasema hee, tumepata. Wakatengeneza nguruwe wenye kipande cha ngiri pale kwenye hiyo protini, wakawaambukiza, matokeo yalitoka mwaka 2020: nguruwe wakaumwa kama kawaida. Mi niliposoma nilisikitika kweli maana wazo lilikuwa safi. Ila ukifikiria, mtu mwenye zana kibao unamnyang'anya nyundo moja unategemea aache kujenga? Ngiri na huyu kirusi wameishi pamoja muda mrefu mno wakazoeana kwa mambo mengi kwa mpigo, nguruwe wa Kizungu hajapata huo muda. Japo niseme, kule mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda wameshapimwa nguruwe wakakutwa na kirusi na hawana dalili yoyote, kwaiyo kuna kitu kinatokea polepole kwa nguruwe wa huku.

Chanjo sasa. Usinunue kwa huyo kaka. Naeleza.

Zamani, miaka ya 1960, ugonjwa ulipofika Ureno walijaribu kuchanja kwa kirusi aliyedhoofishwa, nguruwe wengi wakapata ugonjwa sugu, nimonia, vidonda, viungo kuvimba, mimba kutoka, wengine wakawa wanambeba. Wakaacha. Kirusi aliyeuawa naye hafai, amejaribiwa sana, anatoa kingamwili tu na kingamwili nimeshakwambia hazitoshi, panahitajika limfosaiti wa kuua seli zilizovamiwa na hao wanaamshwa vizuri na kirusi hai. Kwaiyo ikabidi waende njia ya kumnyang'anya zana mojamoja. Zile jeni sita nilizosema uzikumbuke, kirusi aliyetolewa hizo ndo msingi wa chanjo moja inayotumika Vietnam, na nyingine imetolewa jeni inaitwa I177L, iliruhusiwa huko 2022, na mwaka huo huo ilisimamishwa kwa muda baada ya nguruwe kufa mahali ilipotumika nje ya maelekezo. Sizibezi, kufika hapo ni kazi kubwa mno. Ila hizo ni chanjo hai na zimetengenezwa kutokana na genotaipu II (genotaipu ni kama ukoo wa kirusi), ile iliyotoka huku kusini mashariki mwa Afrika ikaingia nchi ya Georgia 2007 ikatembea hadi China 2018. Kwako wewe Mbozi inawezekana ni hiyo hiyo, maana mlipuko wa Mbeya wa 2010 ulipopimwa ulikuwa genotaipu II, lakini Kilimanjaro 2013 walikuta X, Kenya na Uganda ni IX kwa sehemu kubwa, na chanjo ya aina moja mara nyingi haikingi aina nyingine.

Na huyo kaka anaihifadhije? Kwenye begi la bodaboda? Ni kirusi hai dada. China mwaka 2021 walikutwa virusi mashambani wamekosa jeni kama zile zinazotolewa maabara, wengi wakaamini ni chanjo za magendo zimetoroka, nguruwe walikuwa hawafi haraka, wanakonda, wanaharibu mimba, wanasambaza kimya kimya, ugonjwa mgumu kuugundua kuliko ule wa mwanzo. Baadaye wakapatikana hata waliochanganyika genotaipu I na II kwenye kirusi mmoja. Ikifika siku chanjo imeruhusiwa utaipata kwa afisa mifugo na ikiwa kwenye ubaridi, sio kwa mtu anayekupigia simu.

Jike wako. Najua unamuona ni mbegu ya bahati, na kila mtu kijijini atakuambia "huyo ndo wa kuzalisha, ana damu kali". Inaweza kuwa hakuambukizwa kabisa, labda alikuwa banda la pembeni, au aliambukizwa akapona. Mwambie afisa mifugo achukue damu, ipimwe kirusi na kingamwili vyote viwili. Akiwa na kingamwili maana yake alimpata, na hapo damu yake inaweza kukaa na kirusi wiki kadhaa, kwenye tezi zaidi ya hapo. Wataalamu bado wanabishana aliyepona anaambukiza wengine kwa kiasi gani, ila mimi kwa mfugaji wa kawaida asiye na pa kumtenga nasema achinjwe chini ya usimamizi na azikwe, asiuzwe mnadani, asikodishiwe dume, asihamishiwe kwa shemeji. Inauma najua. Binadamu haambukizwi, kitimoto yake isingekudhuru, ila mifupa na maji ya kuoshea nyama ndo yanayofika kwa nguruwe wa jirani.

Banda lioshe kwa maji na sabuni kwanza hadi kinyesi na damu vitoke vyote, dawa ya klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, halafu piga klorini iache nusu saa, rudia. Acha tupu siku 40 kwa uchache. Ukiingiza, ingiza wawili watatu tu wa kujaribia, wakae wiki sita, wakiwa wazima ndo ulete wengine. Makombo ya hotelini kama huwezi kuyaacha yachemshe nusu saa huku unakoroga. Na kuna kitu hukukitaja: banda ni la simenti chini, kuta je? Kama ni matofali ya tope au mbao zenye nyufa, nenda usiku na tochi uchungulie kwenye zile nyufa. Ukiona vidudu vya kijivu vimejikunja kama punje za maharage zilizosinyaa usiingize nguruwe hata mmoja, nitumie picha kwanza.